Niko atachimenti Mombasa, ofisi inanipeleka mafunzo Nairobi. Nijipange vipi?

BintiLikoni

Assalaam aleykum wana jukwaa, na wengine hamjambo.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, nasomea ugavi na uchukuzi hapa Mombasa. Tangu mwezi wa tano niko atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, katika ofisi moja ya uwakala wa forodha, barabara ya Moi. Kazi yangu hasa ni faili: nalinganisha ankara, orodha ya vifurushi na hati ya shehena, nahakikisha namba ya kontena ni ileile kwenye karatasi zote, kisha nampelekea dada anayejaza entri, yaani fomu ya kutangaza mzigo forodhani. Akiwa na nafasi huniita nikae pembeni yake nitazame. Mengi niliyosomeshwa darasani nimeyaelewa hapo, kwenye kiti kile cha plastiki.

Juzi meneja kaniita akaniambia nitaenda Nairobi na wafanyakazi wawili wa ofisi, kuna mafunzo ya uainishaji wa bidhaa. Kwa wasiojua, kila kitu kinachoingia bandarini, iwe tende au matairi, lazima kipewe namba kutoka kwenye kitabu cha HS, mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, na namba hiyo ndiyo inayoamua ushuru. Mafunzo yatafanyika kwenye ukumbi wa hoteli na ofisi nyingi za klaringi, yaani za uwakala wa forodha kama yetu, zinatuma watu. Mwenzetu mmoja yuko likizo ya uzazi, nafasi yake ilikuwa imeshalipiwa, ndipo jina langu likatajwa.

Nimefurahi mno. Nairobi niliwahi kupelekwa nikiwa mdogo, kwenye harusi, na sikumbuki chochote isipokuwa baridi. Safari ya kikazi ndiyo hii ya kwanza, hoteli ndiyo ya kwanza, na kwetu hakuna mtu aliyewahi kusafirishwa na ofisi ambaye ningemwuliza. Kwa hiyo nauliza hapa.

La kwanza ni pesa. Ofisi imelipia mafunzo na vyumba. Nauli, teksi na chakula cha jioni nimeambiwa nitoe mfukoni, nilete risiti, nitarudishiwa mwisho wa mwezi. Mfukoni sina. Atachimenti yangu haina mshahara, napewa hela ya nauli ya wiki na yote huishia kwenye matatu. Je, mwanafunzi anaweza kuomba apewe mapema asionekane hana adabu?

La pili ni mama. Hajakataa, ila moyo wake haujatulia. Wenzangu ninaosafiri nao ni wanaume, watu wazima na wa heshima, lakini yeye anauliza nitalala wapi, na nani, na nikiumwa usiku nani atajua.

La tatu, nikishaingia ukumbini nifanye nini? Mle watakuwa watu walioanza klaringi kabla sijazaliwa. Ninyamaze nisikilize? Na mavazi? Mimi huvaa buibui na sitaki kubadilisha.

Shukran kwa atakayenijibu.

---

MamaMtwapa

Waaleykum salaam mwanangu, na hongera. Nimekuwa karani, kisha msimamizi wa ofisi, na kwa miaka mingi ndiye niliyekuwa nikiwakatia watu tiketi, kuwapangia vyumba na kugombana nao kuhusu risiti. Nitaanza na pesa kwa sababu ndiyo inayokukosesha usingizi.

Kuna kitu kinaitwa masurufu. Ni pesa ya ofisi unayopewa kabla ya safari, ukirudi unaitolea hesabu: risiti hizi hapa, chenji hii hapa. Ofisi kubwa zina fomu yake, ndogo huwa ni bahasha na sahihi kwenye daftari la mhasibu. Kuomba masurufu si utovu wa adabu hata chembe. Safari ni ya ofisi, na aliyeamua uende ni ofisi.

Omba kwa maandishi, maneno machache, yenye hesabu ndani. Meneja hujibu haraka akiona tarakimu kuliko akiona malalamiko. Andika hivi:

"Habari za asubuhi. Nashukuru kwa nafasi ya mafunzo. Makadirio ya safari yangu ni nauli ya treni kwenda na kurudi, shilingi 3,000. Teksi ya kwenda hotelini na kurudi stesheni. Na chakula cha jioni kwa siku za mafunzo, kwa kuwa cha mchana kinatolewa ukumbini. Jumla ni kiasi fulani. Kwa kuwa niko atachimenti na sina kipato, naomba nipewe kiasi hiki kabla ya siku ya safari. Hesabu na risiti nitazileta siku ya kwanza nikirudi ofisini."

Mpelekee meneja, na nakala kwa mhasibu. Usiombe msamaha mwanzoni wala mwisho. Na tafadhali usikope kwenye simu ili kuigharimia ofisi safari yake. Mkopo wa simu unakatwa siku pesa yoyote ikiingia, na marejesho ya mwisho wa mwezi nayajua mimi: mwisho wa mwezi huo huwa mwisho wa mwezi unaofuata, na wewe pengine umesharudi chuoni.

Risiti sasa. Tangu Januari 2024, kampuni isiyokuwa na ankara ya eTIMS, ule mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya mapato, kwa gharama fulani hairuhusiwi kuitoa gharama hiyo inapokokotoa kodi ya mapato. Ndiyo maana mhasibu wenu atakuwa mkali. Kabla ya kuondoka mwombe PIN ya kampuni, ile namba yake ya kodi, iandike kwenye simu, na unapokula jioni sema mapema: "Naomba risiti ya eTIMS, PIN ni hii." Ukisubiri hadi umeshalipa watakuambia mashine imefungwa. Ukipanda gari ya mtu asiyetoa risiti, hifadhi ujumbe wa M-Pesa na uandike siku hiyohiyo: kutoka wapi, kwenda wapi, saa ngapi. Piga picha kila karatasi usiku kabla ya kulala. Zile risiti za mashine wino wake hufifia, na kwa joto letu hili, ukizisahau ndani ya mkoba utakuta karatasi nyeupe.

Kuhusu mama yako, yuko sahihi kuuliza. Usimjibu kwa kumwambia asijali. Mjibu kwa majina na namba. Uliza ofisini leo: chumba changu ni cha peke yangu, au na mwanamke mwenzangu? Jina langu limeandikwa kwenye orodha ya hoteli? Halafu mpe mama jina la hoteli, namba ya mapokezi na namba ya yule dada wa entri. Tena mwombe huyo dada ampigie mama yako yeye mwenyewe. Sauti ya mwanamke wa ofisini itamtuliza kuliko maneno yako yote.

Na la mwisho, sikia vizuri. Mazungumzo ya kazi yanafanyika ukumbini, mapokezini au mkahawani. Mtu yeyote, awe mkufunzi au bosi wa kampuni gani, akikuambia mkaangalie faili chumbani kwake, jibu lako ni "tuonane mapokezi." Huhitaji kueleza sababu. Wengi watakuwa watu wema, lakini jibu liwe tayari mdomoni.

---

Kibokoni_Safari

Mimi niongezee la usafiri tu, dada.

Chukua treni ya asubuhi, ile ya saa mbili inayosimama vituo vya kati. Inachelewa kidogo kuliko ya saa tisa mchana, maana inaingia Mariakani, Voi, Mtito Andei, Emali na vinginevyo, lakini utafika Syokimau, stesheni ya Nairobi, jua lingali juu. Ya saa tisa inakufikisha usiku, na stesheni iko mbali na mjini. Ya saa nne usiku waachie waliozoea.

Tiketi kata mapema kwa *639# au mtandaoni, ulipe kwa M-Pesa. Daraja la kawaida ni 1,500. Jina kwenye tiketi liwe sawasawa na la kitambulisho. Siku yenyewe ufike saa nzima kabla, kwa sababu kuna foleni ya ukaguzi: mizigo inapangwa chini kwa mstari, mnasogea nyuma, mbwa anapita kunusa, ndipo mnaingia mashine. Ukiwa unaogopa mbwa simama mbali tu, hawamleti karibu na watu.

Wewe ni wa Likoni, kwa hiyo sikuelewi kama utataka kupitia feri alfajiri na mkoba wa nguo. Siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu, unatokea Miritini kwenye stesheni moja kwa moja bila kuingia kisiwani. Ongea na wenzako, huenda mmoja anatoka pande hizo na gari.

Na sweta! Mwezi wa saba Nairobi si mchezo. Huo mji uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, sisi tuko hapa na mawimbi. Ndani ya ukumbi nako huwasha viyoyozi, sijui kwa nini. Buibui zuri, ndani yake sweta, viatu vya kufunika vidole. Hakuna atakayekushangaa. Nusu ya watu wa klaringi wanatoka pwani, buibui wameliona.

---

Changamwe77

Samahanini, naona mnamfundisha mtoto kudai kabla hajafanya kazi. Sisi tulipokuwa wanafunzi tulitumwa mpaka Malaba kwa lori, tumelala kwenye kiti, nauli ya kurudi tumejitafutia. Leo nina ofisi yangu. Binti amepata nafasi ambayo wafanyakazi wa kudumu wanaililia. Akope kwa mjomba, aende, anyamaze, ajifunze. Ukianza kwa kuandikia meneja barua za pesa utakumbukwa kwa barua hizo.

---

MamaMtwapa

Ndugu yangu Changamwe, nakuheshimu na najua ulikotoka. Lakini nijibu hili: huyo mjomba asipokuwepo? Nimeona kwa macho yangu mwanafunzi hodari akikataa safari kwa kisingizio cha homa, na kumbe nauli hakuwa nayo na aliona haya kusema. Akaenda mwingine ambaye baba yake anazo. Mwaka uliofuata ni huyo wa pili aliyeajiriwa, kwa sababu "ameshapata mafunzo." Ukiacha mambo yaende hivyo, ofisi inachagua watu kwa mifuko ya wazazi wao na haijijui.

Hakuna anayemfundisha kudai. Anaomba pesa ya kazi kwa ajili ya kazi, na anaahidi hesabu. Wewe leo una ofisi. Ukimtuma karani wako benki, humpi nauli?

---

Changamwe77

Nampa.

---

MzeeShimanzi

Nimesoma yote. Masuala ya pesa Mama amemaliza. Mimi nitajibu la ukumbini kwa sababu ndilo nililoishi nalo.

Mwanangu, mafunzo ya HS yanawashinda watu kwa sababu wanakwenda mikono mitupu. Wanakaa, wanaletewa slaidi, wanakula, wanapiga picha, wanarudi. Wewe nenda na maswali kutoka kwenye faili zako. Kabla ya safari mwombe dada wa entri akutajie bidhaa zilizomsumbua mwaka huu, zile ambazo ofisa wa forodha alizirudisha au alibadilisha namba. Andika maelezo ya bidhaa tu: ni kitu gani, kimetengenezwa kwa nini, kinafanya kazi gani. Jina la mteja, bei yake na namba ya kontena usiandike. Ukumbini mle mmejaa washindani wenu, na siri ya mteja si mali yako kuigawa.

Nikupe msingi kidogo usiende gizani. Kitabu cha HS kina sehemu 21 na sura zinazofika namba 97, ingawa sura ya 77 imeachwa tupu. Tarakimu 6 za mwanzo ni zilezile duniani kote, na sisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tunaongeza 2 zikawa 8. Toleo linalotumika lilianza 1 Januari 2022, na jipya litaanza 1 Januari 2028, kwa hiyo unachojifunza leo kitabadilika kabla hujazeeka kazini, na hilo ni jambo zuri kwa kijana, maana siku hiyo wote tutaanza sawa. Ushuru wetu wa pamoja una ngazi nne: asilimia 0, 10, 25, na tangu Julai 2022 ile ya 35. Kuna bidhaa nyeti zilizo nje ya ngazi hizo. Ukiona pengo kati ya 10 na 35 kwenye kontena zima la mtu, utaelewa kwa nini namba moja ikikosewa watu hawalali.

Na kanuni za ufafanuzi, zile za kuamua bidhaa ipewe namba gani, ziko 6. Ile ya kwanza isome mpaka uijue kwa moyo. Wengi wanaruka kwenda ya tatu kwa sababu inaonekana ya kijanja.

Kunyamaza? Siku ya kwanza asubuhi, sikiliza. Baada ya chai ya saa nne, uliza. Keti meza moja na watu usiowafahamu, wala usijibanze na wenzako wa ofisini, hao utawaona kila siku.

---

BintiLikoni

Nimewasoma nyote, Allah awalipe kheri. Ujumbe wa masurufu nimeutuma asubuhi kama Mama alivyoandika, sikupunguza neno. Mhasibu amenijibu kabla ya adhuhuri: nipitie Jumatano nisaini. Dada wa entri atampigia mama leo jioni. Chumba ni changu peke yangu, nimeuliza.

Nikirudi nitaandika.

---

BintiLikoni

Nimerudi jamani. Niliahidi, na kuna mtu amenitumia ujumbe faragha akisema naye anatumwa mwezi ujao, kwa hiyo naandika kwa urefu kidogo.

Treni nitaipita haraka. Kibokoni, yote uliyosema ni kweli, mpaka viyoyozi. Tulipita Dongo Kundu, tulifika Miritini mapema mno. Tsavo niliona tembo wekundu kwa udongo wa kule, na abiria wote wa behewa letu walihamia upande mmoja na simu zao.

Hoteli nayo haina mengi. Nilimpigia mama nikiwa mapokezi, nikampa yule wa dawatini wasemezane, akauliza maswali yake yote, akajibiwa kwa heshima. Nilimwuliza mhudumu wa mkahawa kuhusu nyama, akaniambia ni halali na akanionyesha cheti ukutani. Chumba cha kusalia hakikuwepo, lakini walitupa chumba kidogo cha mikutano kilichokuwa hakitumiki, na tukajikuta tuko wengi, kutoka Mombasa, Garissa na Eastleigh.

Ninachotaka kueleza kwa kina ni siku ya pili, kwa sababu hapo ndipo nilipoiona kazi hii kwa macho mengine.

Siku ya kwanza ilikuwa slaidi. Nilisikiliza, niliandika, sitaki kusema haikuwa na faida, lakini mengi Mzee alishanipa hapa kwa aya moja. Siku ya pili mkufunzi, mama mmoja wa makamo mwenye sauti ya chini, aliingia na mfuko mkubwa wa sokoni. Akapita akiweka kitu kimoja kwenye kila meza. Meza yetu tuliwekewa tochi yenye redio. Mnaijua: ya plastiki, ina mshikio, kioo kipana mbele, ubavuni spika ndogo yenye matundu na kidude cha kuzungushia stesheni. Duka lolote la Marikiti unaipata. Akasema, "Nipeni namba, na mniambie mmeipataje."

Meza yetu tulikuwa watano. Mzee mmoja wa ofisi ya Embakasi, bandari kavu, alikaa kimya akikigeuzageuza kile kitabu cha HS. Wawili wakaanza kubishana palepale. Mmoja akasema ni tochi, 8513, taa ya umeme ya kubebwa inayotumia nguvu yake yenyewe. Wa pili akasema ni redio, 8527. Wote wakakimbilia kanuni ya tatu, ile ya kutafuta kitu kinachoipa bidhaa sifa yake kuu. Wakaanza kupima kwa mikono: taa nzito, spika nyepesi. Mwingine akasema mteja wake huwa anauza kama redio, tochi ni nyongeza. Meza za jirani nazo zilikuwa zinapiga kelele vilevile juu ya vitu vyao.

Nikakumbuka maneno ya Mzee Shimanzi kuhusu kanuni ya kwanza. Kanuni ya kwanza inasema bidhaa inaainishwa kwa maneno ya kichwa chenyewe, yaani yale yaliyoandikwa kando ya namba ya tarakimu nne, pamoja na maelezo ya sehemu na ya sura. Nikauliza, kwa sauti ambayo nilidhani ni ndogo, "Je, sehemu hii haina maelezo yake?" Kwa sababu 8513 na 8527 zote ziko sura ya 85, na sura ya 85 iko Sehemu ya 16. Yule mzee wa Embakasi akaniangalia, akanisogezea kitabu. Kidole chake kilikuwa kimeshafika: Sehemu ya 16, maelezo namba 3. Mashine zilizounganishwa zikawa kitu kimoja, au zinazofanya kazi mbili, zinaainishwa kwa ile kazi iliyo kuu.

Kumbe sheria ilikuwa imeshaandikwa kwa bidhaa za namba hizi, na hakukuwa na haja ya kuanza na kanuni ya tatu. Swali likageuka. Hatukuuliza tena kipi kizito, tukauliza hiki kitu kazi yake kuu ni ipi. Tukasoma boksi. Boksi lilikuwa na picha ya mtu porini usiku, maandishi makubwa yanataja mwanga na saa ambazo betri inadumu, redio imetajwa pembeni kwa herufi ndogo. Mkufunzi akaja, akatoa bisibisi mfukoni, akaifungua. Betri na saketi ya taa vimejaza nusu nzima, spika ni ndogo kama kifuniko cha soda. Akasema kwa boksi lile na umbile lile anaona hoja ya tochi, lakini tukiletewa nyingine yenye redio kubwa na kitaa kidogo jibu litakuwa jingine, na tukishindwa kabisa kujua kazi kuu ni ipi, hapo ndipo tunaangukia kanuni ya tatu, herufi (c): namba ya mwisho kati ya zinazogombaniwa. Ingekuwa 8527. Akamalizia kwa kusema hata yeye hawezi kuainisha kutoka kwenye ankara iliyoandikwa "vifaa vya umeme", anataka picha, katalogi na boksi.

Hilo la mwisho lilinigonga, kwa sababu ankara za aina hiyo mimi huzipanga kila siku. "Bidhaa mchanganyiko." "Vifaa vya nyumbani." Tunazipokea, meli inafika, siku za bure za kontena zinaanza kuhesabiwa, ndipo dada wa entri anaanza kumpigia mteja simu kumwuliza ni vifaa gani. Mteja yuko safarini. Siku zinaisha, demareji, ile tozo ya kuchelewesha kontena, inaanza, na lawama zinaangukia ofisi.

Mzee wa Embakasi tulikula naye mchana siku zote zilizobaki, pamoja na dada mmoja wa kampuni ya chai. Hakunifundisha kwa maneno mengi. Alichukua vitu vya pale mezani, kijiko, kikasha cha maziwa, ile kadi ya kufungulia mlango wa chumba, akisema "sura?" na mimi najibu. Nikikwama ananiambia kwanza nitaje kimetengenezwa kwa nini, kisha kinafanya kazi gani. Ni mwalimu bora niliyewahi kumpata, na hakuwa hata kwenye ratiba.

Tulivyorudi, mhasibu alipokea hesabu yangu na chenji yangu, akaniandikia karatasi ya kupokea. Mama Mtwapa, ile PIN iliniokoa, hoteli ilinipa risiti bila maneno. Meneja akataka ripoti ya ukurasa mmoja. Wenzangu waliniachia niandike. Sikueleza ratiba ya mafunzo. Niliandika jambo moja tu: tuanze kumtaka mteja picha, katalogi na maelezo ya bidhaa anapotupa kazi, kabla meli haijafika, na niliambatanisha fomu fupi niliyoichora ya kumtumia kwa WhatsApp. Jumatatu tuliijadili kwenye kikao cha asubuhi, nikasimama nikaeleza kwa mfano wa ile tochi. Kaka mmoja alipinga, akasema wateja watahamia kwa mawakala wasiouliza maswali, na nadhani hoja yake ina uzito kwa wateja wadogo wa mitumba ambao mzigo wao unajulikana, robota za nguo kuukuu ni 6309 na hakuna la kuuliza. Wamekubali tuijaribu kwa mizigo ya bidhaa mchanganyiko pekee. Fomu ya kwanza imerudi jana na picha zake.

Nawashukuru sana. Changamwe, nawe pia. Nilifuata neno lako la kujifunza.

---

Changamwe77

Naomba hiyo fomu, binti. Nimeanza pia kuwapa wanafunzi wangu nauli ya safari mapema, Mama asije akanitafuta.

---

MwakaWaPili_Tudor

Hongera dada. Swali: je, umepewa cheti? Na cheti hicho kinatosha kuajiriwa kwenye klaringi?

---

MzeeShimanzi

Nijibu mimi. Alichopata ni cheti cha kuhudhuria. Kiweke kwenye wasifu, kinaonyesha una hamu. Cheti ambacho ofisi inakitafuta ni kile cha uwakala wa forodha cha Afrika Mashariki, EACFFPC, kinachoendeshwa na mamlaka za mapato pamoja na vyama vya mawakala wa nchi za Jumuiya. Kwa Kenya kinasomeshwa KESRA, chuo cha mamlaka ya mapato, na wana kampasi hapa Mombasa. Ofisi ikienda kuomba leseni ya uwakala huulizwa ina watu wenye cheti hicho, kwa hiyo mwenye nacho anatafutwa.

Binti, wewe ukimaliza chuo nenda huko moja kwa moja. Na kabla ya hapo muulize meneja wako kama ofisi inaweza kukulipia karo ukirudi kufanya kazi kwao. Andika kwa maneno machache, yenye hesabu ndani.

---

BintiLikoni

Nimeshaanza kuandika, Mzee. Kesho nitapita KESRA niulize karo ni kiasi gani na darasa lijalo linaanza lini, ndiyo nijaze tarakimu.